Petroli Majumbani Wakati wa Jua Kali

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, kisha akamtiishia moto apate kupikia, kuota na kusafiria. Twamshukuru, twamwomba msaada na msamaha, na twajikinga Kwake na shari ya nafsi zetu. Twashuhudia ya kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu peke Yake, na ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini hapa Mogitu, nanyi wasikilizaji wetu mlio majumbani, mashuleni na safarini, twakuusieni nyinyi, na twaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona halikustahili kupanda mimbarini. Nalo ni petroli inayowekwa majumbani, hasa katika miezi hii ya jua kali. Mtu atasema: hayo ni ya watu wa Zimamoto, na mimbari ni ya swala na saumu. Anayesema hivyo na asikilize mambo mawili yaliyopokewa kutoka kwa Mtume wetu, S.A.W.

La kwanza limo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, naye aliyelipokea ni Sahaba Abu Musa al-Ash'ari, Mwenyezi Mungu amridhie. Anasimulia ya kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume alipoletewa habari ile hakuishia katika kuwasikitikia tu. Aliwajulisha masahaba kwamba moto ni adui yao, akawaamuru wauzime wanapotaka kulala. La pili limepokewa na Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amridhie yeye na baba yake. Humo Mtume aliwaamuru watu wafunike vyombo, wafunge vinywa vya viriba, wafunge milango na wazime taa usiku. Akaeleza na sababu yake, kwamba yule mnyama mharibifu, yaani panya, huenda akauvuta utambi akawaunguza watu wa nyumba.

Tazameni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, jinsi habari hiyo ilivyo ndogo machoni pa mwenye kiburi. Utambi mmoja, mafuta kidogo katika kibakuli, na panya. Wala Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona kuwa ni jambo dogo mno kulifundisha. Basi lipimeni wenyewe dumu la lita 20 la petroli lililosimama nyuma ya mlango wa chumba wanamolala watoto.

Katika wilaya yetu ya Hanang petroli si anasa. Barabara kuu itokayo Babati kwenda Singida yapita kwetu, na vituo vya mafuta vinafuata barabara. Lakini nyumba nyingi zi mbali nayo. Kijana wa bodaboda anayelala mashambani hawezi kwenda kituoni kila alfajiri kutia lita mbili. Mwenye pampu ya kumwagilia bustani, mwenye jenereta, fundi mwenye msumeno wa mashine, wote hao hununua cha kuwatosha siku kadhaa. Tena watu wetu wana kumbukumbu ya uhaba. Wazee hawajaisahau miaka ya sabini na themanini, petroli ilipokuwa adimu nchini kote. Na vijana wanaikumbuka miaka ya 2022 na 2023, bei ya lita moja ilipopita shilingi 3,000. Mwenye kumbukumbu hiyo huona dumu moja chumbani ni akiba ya busara. Sisi hatumlaumu kwa kuweka akiba. Twamwuliza ameiweka wapi, ndani ya chombo gani, na nani anayelala karibu nayo.

Majibu twayajua sote. Imewekwa katika dumu lililokuwa la mafuta ya kula, au katika chupa za plastiki za maji. Imewekwa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, au pembeni mwa jiko karibu na magunia ya mahindi. Aghlabu anayeileta ni baba au kijana wa nyumba. Anayewasha moto alfajiri ni mama. Anayelala sakafuni juu ya mkeka ni mtoto au mjukuu. Hivyo aliyeamua si yeye aliye karibu zaidi na hatari, na mama akisema, "Baba, litoe dumu hili nje," hujibiwa, "Mama, mbona kifuniko nimekikaza?" Mtume, S.A.W., ametufundisha kwamba mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake, naye ataulizwa juu yao. Atakayeulizwa habari ya dumu lile ni aliyelileta.

Yuko mwingine atakayesema: Mogitu si Tanga wala Dar es Salaam. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, watupa upepo wa baridi asubuhi na jioni, na mtu hapa huvaa sweta. Petroli itapataje joto? Hoja hii yataka kujibiwa, kwa sababu ndiyo inayowalaza watu wetu.

Petroli haihitaji joto la pwani ili iwe hatari. Kinachoshika moto si yale maji-maji tuyaonayo, bali ni mvuke unaotoka juu yake. Na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha mlima wetu hakijui. Mafuta ya taa hayafanyi hivyo mpaka yafike nyuzi 38 au zaidi, na dizeli huchelewa kuliko hayo. Ndiyo maana mtu aliyezoea kukaa na mafuta ya taa nyumbani miaka 30 bila madhara hudanganyika akidhani petroli ni ndugu yake. Basi baridi ya asubuhi haituokoi, na joto la mchana laongeza balaa juu ya balaa. Tangu Septemba mpaka mvua zinapoanza, ingieni saa nane za mchana katika chumba cha bati kisicho na dari, dirisha likiwa limefungwa, nanyi mtaijua hali ya dumu lililofungiwa humo. Petroli hutanuka kwa joto kuliko maji. Dumu la lita 20 lililojazwa mpaka shingoni asubuhi, likipata joto la nyuzi 20 zaidi, petroli yake huzidi kwa zaidi ya theluthi moja ya lita, nayo yatafuta pa kutokea. Plastiki nyembamba huvimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Kifuniko hulegea. Mvuke hutoka kidogo kidogo, na pua ya mwenye nyumba, kwa kuizoea harufu, haimwambii tena kitu.

Nao mvuke huo una tabia ambayo kila mama wa nyumbani yampasa aijue. Ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Moshi wa kuni hupanda juu ukatokea penye upenyo wa paa. Mvuke wa petroli hushuka chini, ukatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ukapita chini ya mlango, ukaenda kuyafuata mafiga au jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Ukishafika penye kaa, moto hurudi kwa njia ile ile mpaka dumuni, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Lita moja tu ikigeuka mvuke hutoa zaidi ya lita 150 za mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa huweza kukitia hatarini chumba kidogo kizima. Basi asiseme mtu, "Mimi sikuwasha kitu karibu na dumu." Moto haukulifuata dumu, dumu ndilo lililoutumia moto mjumbe.

Ndugu Waislamu, nchi yetu imekwisha kuyaona hayo kwa macho. Tarehe 10 Agosti 2019, katika zile siku kumi tukufu za mwanzo wa Mfungo Tatu, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakajia na madumu na ndoo kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika, kisha moto ukalipuka. Waliokufa, papo hapo na hospitalini baadaye, walizidi 100. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatuwataji ili kuwahukumu; wengi wao walikuwa vijana wanaotafuta riziki kama vijana wetu wa hapa. Twawataja kwa sababu watu wameuzungumza sana ule moto wa barabarani, wakasahau kuuliza madumu yale yalikuwa yakienda wapi. Yalikuwa yakienda majumbani. Kama moto usingetokea pale Msamvu, petroli ile ingegawanyika usiku ule katika vyumba vingi, karibu na vibatari na majiko.

Na kabla ya hapo, tarehe 2 Julai 2010, lori jingine lilipinduka katika kijiji cha Sange, jimbo la Kivu ya Kusini, Kongo ya Mashariki. Waliokufa walizidi 200. Wako waliokuwa wakiteka mafuta. Lakini wako wengi ambao hawakugusa hata kopo, waliokuwa katika nyumba zao kandokando ya barabara, au wamekusanyika ukumbini kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto wa petroli haumwulizi mtu kama alikuwamo katika shauri.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo lililotufanya tupande mimbarini. Wako wanaosema: ajali ni kadari, siku ya mtu ikifika imefika. Neno hili asili yake ni kweli, na twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini likitumiwa kuliacha dumu chini ya kitanda, huwa ni uvivu uliovikwa kanzu. Bedui alipomwuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu, aliamriwa amfunge kwanza kisha ategemee. Imepokewa na Tirmidhi. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Mola wetu ametukataza kuzitia nafsi zetu katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Aya hiyo iliteremka katika habari ya kutoa mali katika njia ya Mwenyezi Mungu, nasi hatuifichi sababu yake. Lakini wanachuoni wameitumia kwa kila jambo la kujiangamiza, kwa kuwa tamko lake ni la jumla.

Watu wa Hanang ndio wanaoweza kuipambanua misiba. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlimani yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hakuna mama aliyeualika mlima uje nyumbani kwake. Msiba ule twaupokea kwa subira, twasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea. Lakini msiba wa dumu tumeununua kwa lita, tukaubeba kwa pikipiki, tukaufungulia mlango. Haifai kuiweka misiba hiyo miwili katika pakacha moja.

Twasema maneno yetu haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Twamhimidi Mwenyezi Mungu kwa neema Zake zisizohesabika, na twamswalia Mtume Wake mwaminifu.

Enyi ndugu, katika Suratul Waqia Mola wetu ameutaja moto tunaouwasha, akaufanya ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Pikipiki na gari ni katika manufaa hayo leo. Kwa hiyo hatusemi petroli ni haramu kuwa nayo. Tumewauliza wanaoijua kazi hii, na haya ndiyo tunayokuusieni.

Usiiweke ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kwa usiku mmoja. Ijengee kibanda kidogo nje, chenye kivuli, mbali na jiko, mbali na zizi na majani makavu. Kibanda hicho kiachiwe matundu juu na chini, na yale ya chini ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa mvuke hushuka. Ukiogopa wezi, tia kufuli katika mlango wa kibanda. Kufuli ni rahisi kuliko sanda. Na kwa kuwa ardhi yetu ina miteremko, kibanda na kiwe upande wa chini wa nyumba, ili kinachomwagika kisiteremkie mlangoni pako. Lakini jihadharini hapa: upande wa chini wa nyumba yako huenda ukawa ni upande wa juu wa nyumba ya jirani yako. Mtume, S.A.W., aliusiwa na Jibrili habari ya jirani mpaka akadhani jirani atafanywa mrithi. Mwende jirani, mwambie, "Ndugu yangu, nataka kuweka petroli mahali hapa, wewe waonaje?" Akikataa, tafuta mahali pengine.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamelizungumza jambo linalokaribiana sana na hili, tena karne nyingi kabla ya petroli kujulikana. Mtu akiwasha moto katika kiwanja chake mwenyewe, ukaruka ukaunguza mali ya mwenziwe, hadhamini ikiwa amewasha kwa kadiri ya desturi. Lakini akipita kiasi cha desturi, au akiuwasha siku ya upepo mkali, hulazimika kulipa. Zingatieni masharti hayo mawili, kiasi na upepo. Miezi ya kiangazi hapa kwetu ni miezi ya upepo, na dumu tano za petroli katika nyumba ya kawaida si kiasi cha desturi. Mwenye kuyaweka hivyo asitarajie kwamba kuwa na hati ya kiwanja kutamwepusha na dhima.

Chombo nacho kiwe cha chuma, au cha plastiki nene iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, chenye kifuniko cha parafujo kisichovuja. Usikijaze; bakiza nafasi juu kwa ajili ya kutanuka. Kiandike kwa rangi neno PETROLI, ili mgeni, au mtoto aliyetumwa mafuta ya taa, asikosee. Wala chombo kilichotiwa petroli kisitiwe tena mafuta ya taa. Petroli kidogo tu iliyobaki chini ya dumu ikichanganyika na mafuta ya taa, kibatari au jiko huweza kulipuka usoni mwa mama akiliwasha. Katika nchi yetu walikuwako wafanyabiashara waliofanya mchanganyiko huo kwa makusudi, hata Serikali ikaanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya uovu ule. Mtume amemtoa katika safu yetu mwenye kughushi bidhaa. Na aliyetajwa katika hadithi hiyo alikuwa ameficha nafaka iliyolowa maji tu. Ghushi ya mafuta yaua.

Unapolifungua dumu lililopata joto, lifungulie nje, polepole, mvuke utoke kwanza, na usilielekeze usoni. Unaponunua kituoni, shuka kwenye pikipiki, liweke dumu chini ardhini ndipo litiwe mafuta. Lisijazwe likiwa limefungwa juu ya kiti. Katika hali ya ukavu petroli inayomiminika huzaa umeme wa msuguano, ule ule unaotoa cheche tunapovua sweta gizani, na cheche hiyo yatosha. Injini na izimwe. Sigara hatuizungumzi, aliye na dumu mkononi na sigara kinywani hana haja ya khutba, ana haja ya ndugu zake wamshike.

Usiku usilifuate dumu kwa kibatari wala kwa kiberiti, tumia tochi. Ukiingia chumbani ukakuta harufu kali ya petroli, usiguse hata swichi ya taa. Watoe watu nje, fungua milango na madirisha kama waweza kufanya hivyo bila hatari, waambie jikoni wazime moto, na usubiri hewa ipite. Nguo iliyomwagikiwa petroli ivuliwe nje kabla mtu hajakaa karibu na mafiga. Vijana wa bodaboda, haya yawahusu zaidi, maana mwarudi usiku mmechoka, mikono ikinuka, na mama amewawekea chakula kando ya moto.

Kuna na desturi ya kunyonya petroli kwa mpira ili kuihamisha. Iacheni. Tone likiingia mapafuni huyaharibu. Na chupa za soda na za maji zilizotiwa petroli zimewanywesha watoto wenye kiu. Mtoto akinywa, msimtapishe kwa namna yoyote, wala msimpe maziwa au mafuta ili kumtapisha, kwa sababu akitapika ndipo petroli inapoingia mapafuni. Mkimbizeni zahanati au hospitalini, na chupa aliyoinywea mwende nayo.

Petroli ikishika moto, maji hayauzimi. Huibeba petroli ikaelea juu yake na moto ukatembea. Moto mdogo umwagieni mchanga au udongo mkavu, na ndoo ya mchanga iwe kibandani daima. Moto ukiwa mkubwa, mali iacheni, okoeni watu, pigeni simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lakini msisubiri kuwatoa watu mpaka gari lifike. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yatiririkayo, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe kwa daktari. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala samli. Tunajua bibi zetu walipaka hayo kwa mapenzi. Waganga wa hospitali hupata taabu kuyaondoa juu ya jeraha, na mgonjwa hupata maumivu mara mbili.

Limebaki neno kwa wale wanaouza petroli kwa chupa mbele ya nyumba zao. Neno hili ni gumu, kwa sababu wengi wao ni maskini, na kijiji huwashukuru pale pikipiki inapoishiwa mafuta ikiwa imembeba mama mjamzito. Lakini kuuza petroli bila leseni kumekatazwa na sheria ya nchi, na chupa zilizopangwa juani mchana kutwa ni hatari kwa muuzaji kabla ya mnunuzi. Njia ya halali ipo. EWURA imeweka kanuni za vituo vidogo vya vijijini vyenye masharti nafuu kuliko vya mijini, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mikopo kwa kazi hiyo. Mtu mmoja hawezi. Watu kumi wa kijiji, Waislamu na wasio Waislamu, wakichanga na kushauriana wanaweza kuomba. Wenye uwezo katika jamaa yetu, hapa ndipo mahali pa kukopesha mkopo mwema. Mpaka kituo hicho kisimame, kila mtu na apunguze akiba yake iwe ya siku mbili tatu.

Na anayeficha madumu ili auze siku ya uhaba kwa bei anayoitaka? Mtume, S.A.W., amemwita mlanguzi mkosefu. Wanachuoni wetu wa Kishafi wameifunga hukumu hiyo katika vyakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliieneza katika kila kitu ambacho kukizuia kwawadhuru watu. Sisi katika jambo hili moyo wetu umeelekea kwa Abu Yusuf.

Enyi ndugu, leo mtakaporudi makwenu, kabla ya kula, kila mwenye dumu na alitoe nje ya chumba. Wanafunzi, nanyi waulizeni baba zenu kwa adabu; kumsaidia mzazi kuondoa dhara ni katika kumtii. Akina mama, semeni, na akina baba, wasikilizeni.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa kwa moto Msamvu, Sange na kwingineko, na waliofunikwa na matope Katesh. Hakika Mtume Wako ametujulisha kwamba aliyeungua na aliyefunikwa na kifusi katika umma huu wana daraja ya mashahidi, basi wajalie daraja hiyo. Waponye majeruhi, na warudishie wayatima wao kilicho bora. Ewe Mola, zihifadhi nyumba zetu usiku na mchana, wape vijana wetu riziki ya halali isiyo na maangamizo ndani yake, waongoze viongozi wa nchi yetu katika kheri, ututeremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na utukinge na moto wa dunia na moto wa Akhera. Amin.

Nyosheni safu zenu. Simamisheni swala.